Matukio ya ajabu yaliyowahi kushuhudiwa kwenye mechi za mpira wa Wamarekani (uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Najua wengi humu mkiona mpira wa Wamarekani kwenye runinga mnabadilisha chaneli. Majitu yamevaa helmeti, yanagongana, refa anapuliza, yanasimama, yanagongana tena. Mimi niko huku Marekani, nafanya kazi za zamu, na kuanzia Septemba hadi Februari wenzangu kazini Jumatatu asubuhi hawana stori nyingine. Nimeufahamu mchezo huu kwa kukaa nao na kuwauliza, na sasa naupenda kwelikweli. Leo sileti habari za mabingwa. Naleta yale mambo ambayo hata mashabiki wa miaka 40 wakiyasimulia wanashika kichwa.

Kwa ambaye hajui kabisa, shika haya machache. Timu yenye mpira inapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine 4. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi 6. Kuupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti ni pointi 3. Ukiangushwa na mpira ndani ya eneo lako mwenyewe la mwisho, wapinzani wanaokota pointi 2.

Na kubwa kuliko yote: saa ikifika sifuri mechi haiishi kama mpira bado uko hai. Mpira unakufa mwenye nao akiangushwa, akitoka nje ya mstari, au refa akipuliza. Ukiangalia vizuri, vioja vingi vya mchezo huu vimezaliwa hapo: kuna mtu aliamini mpira umekufa, kumbe mwenzake bado anakimbia nao.

Ngoja nianze.

#2 Mleta uzi

Berkeley, 20 Novemba 1982

California na Stanford ni vyuo jirani na watani wa jadi. Mwaka huo Stanford walikuwa na John Elway, kijana ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa warushaji wakubwa kabisa katika historia ya NFL, ligi kuu ya kulipwa. California wanaongoza 19–17, imebaki chini ya dakika moja, Stanford wamebanwa karibu na lango lao. Jaribio la 4, wanahitaji yadi 17. Hapo mashabiki wa ugenini huwa wanaanza kutafuta funguo za gari. Elway akaurusha, ukadakwa, yadi 29. Wakasogea, wakasogea, Mark Harmon akapiga mkwaju ukapita. 20–19 kwa Stanford. Sekunde 4 zimebaki.

Stanford walishangilia kupita kiasi wakaadhibiwa yadi 15, kwa hiyo wakalazimika kuuanzisha mpira wakiwa nyuma kuliko kawaida. Wakaupiga chinichini uburuzike, ili atakayeuokota aangushwe palepale na saa iishe.

Kevin Moen wa California akauokota. Alipoona anazingirwa akamtupia Richard Rodgers. Rodgers akampa Dwight Garner. Garner akavamiwa na kundi zima, akawa anazama chini, na akiwa katika kuzama akaurudisha kwa Rodgers. Hapo ndipo penye ubishi hadi leo. Stanford wanasema goti la Garner lilishagusa nyasi. Waamuzi hawakupuliza. Rodgers akakata katikati ya uwanja, akamwachia Mariet Ford, na Ford alipofungiwa njia, akaurusha nyuma juu ya bega lake bila kutazama. Aliyekuwa nyuma yake ni Moen yuleyule aliyeanza.

Sasa, bendi ya Stanford, watu 144, walikuwa wamejipanga nyuma ya mstari wa mwisho na vyombo vyao. Walipomwona Garner akimezwa waliamini mechi imekwisha, wakaingia uwanjani huku wanapiga muziki. Kwa hiyo Moen akajikuta anakimbia kati ya wapiga tarumbeta, na wachezaji wa Stanford waliokuwa wakimkimbiza wamezuiwa na bendi yao wenyewe! Akafika eneo la mwisho, akaruka juu na mpira mkononi, akashukia mpiga tromboni aitwaye Gary Tyrrell, ambaye alikuwa hana habari kabisa na kinachomjia.

Mtangazaji wa redio wa California, Joe Starkey, alikuwa akipiga makelele kwamba bendi imeingia uwanjani mpaka sauti ikampasuka. Enzi hizo waamuzi wa mpira wa vyuo hawakuwa na video ya kurejea. Refa Charles Moffett aliwakusanya wenzake, akauliza kama kuna aliyepuliza, kama kuna aliyeona mpira umerushwa mbele. Hakuna. Akainua mikono. Tachidauni. California 25, Stanford 20.

Elway akamaliza chuo bila kucheza hata mechi moja ya zile za heshima za mwisho wa msimu. Siku 4 baadaye wanafunzi wa Stanford wakachapa toleo bandia la gazeti la wanafunzi wa California lenye habari kwamba ushindi umebatilishwa, wakalisambaza Berkeley. Na kombe la mechi hii ni shoka: kila Stanford wakilitwaa wanabadilisha maandishi ya 1982 yasomeke 20–19, California wakilirudisha wanaandika upya 25–20. Zaidi ya miaka 40 sasa.

#3 Mdau wa Tanga

Mkuu ubarikiwe, tiririka. Swali la mwanafunzi: inaruhusiwa kupasiana mara zote hizo? Mimi nilidhani wanarusha mara moja tu.

#4 Mleta uzi

Swali zuri mkuu. Kuurusha mbele ni mara moja tu, tena ukiwa nyuma ya mstari ambao mchezo umeanzia. Kuurudisha nyuma au kuupitisha ubavuni hakuna kikomo. Kwa nini basi hawafanyi kila mara? Kwa sababu mpira ukidondoka ni wa yeyote. Timu yenye uongozi haithubutu, timu iliyokufa haina cha kupoteza.

Na hapo unaingia mkasa wa 19 Novemba 1978, New Jersey. Giants wanaongoza Eagles 17–12, sekunde zimebaki chache, Eagles hawana tena ruhusa ya kusimamisha saa. Giants wangeweza kukaa chini tu, mechi iishe. Badala yake benchi likaamuru wacheze mpira wa kawaida: Joe Pisarcik ampe Larry Csonka akimbie. Wakagongana katika kupeana, mpira ukaruka, Herman Edwards wa Eagles akaunyaka na kukimbia yadi 26 hadi mwisho. 19–17. Kocha wa mashambulizi wa Giants alifukuzwa kazi kesho yake.

Ukiangalia mechi yoyote leo utaona timu inayoongoza mwishoni inajipanga na mlinzi nyuma kabisa, mrushaji anapokea mpira na kupiga goti. Mpangilio huo ulienea kila mahali baada ya siku ile. Kosa moja lilibadilisha namna ya kumaliza mechi nchi nzima.

Mwingine wa jamii hiyo ni Leon Lett wa Dallas, Sikukuu ya Shukrani, 25 Novemba 1993. Theluji imeanguka Texas, jambo lenyewe tu ni la kushangaza. Dallas wanaongoza 14–13, sekunde 15 zimebaki, Miami wanapiga mkwaju, Dallas wanauzuia. Mpira unaserereka kwenye barafu. Kanuni inasema Dallas wasipougusa, unakufa na mechi ni yao. Wachezaji wote wa Dallas wanajua, wanausindikiza kwa macho na kuwapungia wenzao wakae mbali. Lett akatokea mbio kutoka nyuma akauvamia, akateleza, mguu ukaugusa. Ukawa hai. Miami wakaulalia hatua moja kutoka mwisho, sekunde 3 kwenye saa, Pete Stoyanovich akapiga tena. 16–14 Miami. Dallas walichukua ubingwa msimu huo hata hivyo, na Lett alikuwa beki mzuri sana. Inaniuma kwamba watu wanamkumbuka kwa hili.

#5 Mdau wa Minnesota

Naomba nichangie, maana huku Minnesota hiki kisa ni cha nyumbani.

Jim Marshall alikuwa nguzo ya Vikings kwa miaka na miaka, hakosi mechi. Tarehe 25 Oktoba 1964, San Francisco, 49ers wakauangusha mpira. Marshall akauokota, akageuka, akatoka nduki. Yadi 66! Wenzake wanamkimbilia pembeni mwa uwanja wanapiga kelele, yeye anajua wanamshangilia. Akafika mwisho, akautupa mpira nje kwa furaha. Ndipo mchezaji wa 49ers, Bruce Bosley, akamfuata na kumpigapiga mgongoni kumshukuru. Alikuwa amekimbilia upande wake mwenyewe. Na kwa kuwa aliutupa nje, 49ers wakapewa pointi 2.

Kinachosahaulika ni kwamba Vikings walishinda mechi ile 27–22, na ni Marshall huyohuyo ambaye katika mechi hiyohiyo alisababisha mpira udondoke, Carl Eller akauokota akafunga. Mtu alikosea, akarudi kazini, timu ikashinda. Nawaambia vijana wangu kisa hiki kwa sababu hiyo.

Na paa la uwanja je? Desemba 2010 theluji nzito iliangukia uwanja wa Metrodome hapa Minneapolis. Paa lake lilikuwa la kitambaa kinachoshikiliwa na hewa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 likachanika, theluji ikamiminika uwanjani, na kamera za ndani zikanasa yote. Mechi ya Vikings na Giants ikahamishiwa Detroit siku iliyofuata. Brett Favre hakuweza kucheza, na mfululizo wake wa mechi 297 bila kukosa ukaishia hapo.

#6 Mleta uzi

Mdau wa Minnesota, asante sana. Huwezi kumtaja Marshall bila Roy Riegels.

1 Januari 1929, Pasadena, Rose Bowl, mojawapo ya zile mechi za heshima za vyuo. California dhidi ya Georgia Tech. Georgia Tech wameuangusha mpira, Riegels kauokota, kasukumwa, kazunguka, na katika kuzunguka kapoteza mwelekeo. Akakimbia yadi 65 hivi kuelekea kwao. Mwenzake Benny Lom akamfukuza uwanja mzima huku anamwita. Makelele ya watu yalikuwa makubwa, hakusikia. Lom akamkamata karibu kabisa na mstari wa mwisho, na kabla hawajageuka Georgia Tech wakawarundikia. California wakajaribu kuupiga mpira mbali kujiokoa, mkwaju ukazuiwa, pointi 2. Mechi iliisha 8–7. Hesabu wenyewe zile 2 zilikuwa na thamani gani.

Mapumzikoni Riegels alikaa kwenye kona akilia, akamwambia kocha Nibs Price kwamba hawezi kurudi kuukabili umati ule. Price alimwambia mechi imefika nusu tu. Akarudi, akacheza kipindi cha pili kwa nguvu zote, akazuia mkwaju wa wapinzani. Msimu uliofuata wenzake walimchagua nahodha. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda.

#7 Mdau wa Chicago

Nyie mnaongelea makosa ya watu, mimi niwape ya hali ya hewa.

31 Desemba 1988, Soldier Field, Bears na Eagles, mtoano. Mechi imeanza jua linawaka. Katika robo ya pili ukungu ukaingia kutoka Ziwa Michigan, ukajaa uwanjani mpaka mtu haoni zaidi ya yadi 15 au 20. Watu wamelipa tiketi, wamekaa, wanatazama weupe. Watangazaji hawaoni mchezo wanaoutangaza. Refa Jim Tunney ikabidi atumie kipaza sauti chake kuwaambia watu ni jaribio la ngapi na mpira uko wapi. Na bado Randall Cunningham wa Eagles alirusha yadi 407! Bears wakashinda 20–12. Sijui walikuwa wanadaka vipi kitu ambacho hakionekani mpaka kifike usoni.

Tarehe hiyohiyo mwaka 1967, Green Bay, Packers na Cowboys wakigombea ubingwa wa NFL. Nyuzijoto 25 chini ya sifuri kwa selsiasi. Packers walikuwa wametandika nyaya za umeme chini ya nyasi zipashe uwanja joto. Mtambo ukashindwa kazi, na walipoondoa turubai unyevu uliokuwa chini yake ukaganda papo hapo. Wakachezea barafu. Refa Norm Schachter alipuliza filimbi ya chuma, ilipotoka ikatoka na ngozi ya mdomo. Kuanzia hapo waamuzi wakaendesha mechi kwa kupaza sauti tu. Bendi ya chuo cha La Crosse iliyokuja kutumbuiza, midomo iliganda kwenye vyombo, na wanamuziki 7 wakapelekwa hospitali. Shabiki mzee alifariki kwa baridi jukwaani. Packers walishinda 21–17, Bart Starr akijisukuma mwenyewe kuvuka mstari sekunde za mwisho kabisa.

Na kingine kifupi. 12 Desemba 1982, Foxborough, Patriots na Dolphins, theluji, 0–0 hadi robo ya nne. Patriots wanataka kupiga mkwaju. Kocha Ron Meyer akamwashiria dereva wa trekta la kufagia mistari. Dereva alikuwa mfungwa aliyeruhusiwa kutoka kwenda kufanya kazi za nje. Akapita na trekta, akakunja kidogo, akafagia palepale mpigaji anapohitaji kusimama. John Smith akapiga, 3–0, mechi ikaisha hivyo. Don Shula wa Dolphins alikasirika, na nadhani alikuwa na haki. Trekta lenyewe sasa linaning'inia kwenye makumbusho ya Patriots.

#8 Mdau wa Tanga

Nami nina la kuchangia, maana hili nililiona kwa macho yangu kwenye runinga.

Fainali ya Super Bowl ya Februari 2013, New Orleans, Ravens na 49ers. Kwa saa za huku inaanza saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Binamu yangu aliyewahi kuishi Baltimore alinikesheza. Kipindi cha pili kinaanza tu, Jacoby Jones wa Ravens akaurudisha mpira yadi 108 mpaka mwisho, 28–6. Tukasema imeisha, tukalale. Punde nusu ya taa za uwanja zikazima. Binamu akaruka kwenda kuangalia mita yetu! Tukakaa tunatazama uwanja wa nchi tajiri kuliko zote uko gizani, wachezaji wamelala kwenye nyasi wananyooshana miguu. Dakika 34.

Baadaye ikaelezwa kwamba ni kifaa cha kulinda njia ya umeme kilichokata kabla ya wakati. Lakini ajabu yenyewe ni baada ya taa kuwaka: 49ers waliamka, pointi 17 mfululizo, 28–23. Mechi iliyokuwa imekufa ikawa ya roho mkononi. Mwisho Ravens 34–31, na makocha wa pande mbili ni ndugu wa tumbo moja, John na Jim Harbaugh.

Mkuu mleta uzi, mwishoni mpigaji wa Ravens alizungukazunguka kwenye eneo lake mwenyewe akatoka nje kwa makusudi, wakawapa wapinzani pointi 2. Kwa nini?

#9 Mleta uzi

Walikuwa mbele kwa pointi 5. Kuwapa 2 kunawabakizia 3, na kule kuzungukazunguka kunakula sekunde ambazo 49ers wanazihitaji kuliko chochote. Sam Koch aliacha sekunde 4 tu kwenye saa. Ilikuwa akili safi.

#10 Mdau wa Texas

Wakuu, hizi ni za wakubwa. Niwasimulie ya Ijumaa usiku, mpira wa sekondari, ambao huku Texas ndio unaofunga mji mzima.

Mwanangu wa kike anapiga filimbi kwenye bendi ya shule, kwa hiyo nakwenda. Kuna kanuni: radi ikionekana au kusikika karibu, mechi inasimama, watu wote wanaondolewa uwanjani, na inahesabiwa nusu saa. Ikipiga nyingine, hesabu inaanza upya. Siku hiyo robo ya tatu ilikuwa imeanza. Radi. Tukakimbilia magari. Dakika ya 20 na kitu, radi. Hesabu upya. Tena. Eneo zima la kuegesha limejaa magari yenye vioo vilivyoingia mvuke, watoto wa bendi wamesongamana kwenye korido ya shule na sare zao za manyoya kofiani, na mama mmoja anapita gari kwa gari anagawa mahindi ya kukaanga ya kibanda yasije yakaharibika. Wachezaji wa timu zote mbili wako ndani ya ukumbi mmoja wa mazoezi, nikawachungulia, wanacheza kikapu pamoja kwa soksi. Karibu na usiku wa manane wakarudi uwanjani wakamalizia. Majukwaa yalikuwa na wazazi tu na bendi ikapiga kila wimbo. Sijawahi kufurahia mechi kama ile.

Na kwa kuwa niko Texas, msimsahau Tommy Lewis. 1 Januari 1954, Cotton Bowl, Dallas, Rice na Alabama. Dicky Maegle wa Rice anakimbia na mpira, yadi 95, hakuna wa kumkamata, anapita mbele ya benchi la Alabama. Lewis, ambaye alikuwa amepumzishwa, hana hata helmeti, akachomoka benchini akamwangusha, kisha akarudi kukaa kwa haraka akajifunika uso. Refa akawapa Rice tachidauni kana kwamba Maegle amefika. 28–6. Lewis alimfuata Maegle mapumzikoni kumwomba radhi, na maelezo yake yalikuwa kwamba Alabama ilikuwa imemjaa mno mwilini.

#11 Mdau wa Nairobi

Lewis ameniua jamani. Hebu niongeze wanyama, kwa haraka.

Novemba 4, 2019, Giants na Cowboys, paka mweusi aliingia uwanjani mechi ikisimama. Mtangazaji wa redio Kevin Harlan akamtangaza kama mchezaji, yadi kwa yadi, mpaka akavuka mstari wa mwisho. Cowboys wakashinda 37–18 na Giants wamebaki wakimlaumu paka.

Januari 1, 2019, Sugar Bowl: Texas wana fahali wa pembe ndefu anayeitwa Bevo, Georgia wana mbwa anayeitwa Uga. Wakapelekwa wakutane wapigwe picha kabla ya mechi. Bevo akavunja uzio akamrukia. Mbwa aliondolewa salama, Texas wakashinda 28–21. Nani alifikiria kumkutanisha fahali na mbwa, hilo ndilo swali langu.

Na ardhi pia imewahi kushuhudia. Oktoba 8, 1988, Baton Rouge, chuo cha LSU walipofunga tachidauni ya ushindi dhidi ya chuo cha Auburn, 7–6, mtambo wa kupima mitetemeko wa chuo hicho ulinasa mrindimo wa mashabiki. Ikatokea tena Seattle, Januari 8, 2011, Marshawn Lynch alipowaburuza Saints yadi 67. Walioandika ni wataalamu wa matetemeko ya ardhi, wala si waandishi wa michezo.

#12 Mdau wa Minnesota

Auburn umewataja wakiumizwa, wape na furaha yao. 30 Novemba 2013, Auburn na Alabama, 28–28, saa imeisha. Kocha wa Alabama, Nick Saban, akabisha, wakamrudishia sekunde 1. Akaitumia kupiga mkwaju wa yadi 57. Ukapungua. Chris Davis wa Auburn alikuwa amesimama nyuma kabisa, akaudaka, akakimbia uwanja mzima. Alabama uwanjani walikuwa na majitu ya kuzuia, si wakimbiaji, kwa sababu walikuwa wamepangwa kwa ajili ya mkwaju. 34–28. Sekunde aliyoidai Saban ndiyo iliyomuua.

#13 Mleta uzi

Wadau mmeupa uzi huu uhai. Mimi namalizia na kile ninachokiona cha ajabu kuliko vyote, na nitakieleza pamoja na pacha wake.

6 Oktoba 1990, Columbia, Missouri. Chuo cha Colorado wako nyuma 31–27 dhidi ya wenyeji Missouri, wamefika mlangoni kabisa, sekunde zinakwenda. Katika purukushani ya kusimamisha saa, waliokuwa wanashika kibao cha kuhesabu majaribio walisahau kukigeuza. Colorado wakatumia moja, mbili, tatu, nne. Ya nne waliutupa mpira chini makusudi kusimamisha saa, maana kibao kilisema ni ya tatu. Uwanja mzima unapiga kelele. Wakapewa ya tano. Charles Johnson akaingia nayo, 33–31. Waamuzi wakafungiwa, matokeo yakabaki. Mwisho wa msimu Colorado wakawa mabingwa wa kitaifa kwa kura za waandishi, wakigawana heshima na Georgia Tech.

Sasa rudi nyuma miaka 50. 16 Novemba 1940, Hanover, New Hampshire. Chuo cha Cornell hawajafungwa katika mechi 18, wanahesabiwa miongoni mwa timu bora nchini. Dartmouth, ambao hakuna aliyewapa nafasi, wanaongoza 3–0. Cornell wako karibu na mstari. Majaribio matatu, hawajapita. Wakapigwa adhabu ya kuchelewesha mchezo, wakarudishwa yadi 5. La nne, wakarusha, mpira ukapigwa ukaanguka. Mpira ulipaswa kuwa wa Dartmouth. Katika mkanganyiko wa ile adhabu, refa Red Friesell akapoteza hesabu, akawapa Cornell jaribio jingine. Walt Scholl akamrushia Bill Murphy. Tachidauni. 7–3.

Wakaenda nyumbani washindi. Kisha filamu ya mechi ikasafishwa, na Cornell wenyewe wakakaa kuitazama. Wakahesabu. Friesell naye akakiri kwa maandishi kwamba amekosea. Hakukuwa na kanuni ya kuwalazimisha Cornell kufanya chochote. Hakuna chama kilichokuwa na mamlaka ya kubadilisha matokeo ya mechi iliyokwisha. Kwa simu ya maandishi, Jumatatu, Cornell wakawaambia Dartmouth kwamba wanaachia ushindi na kuwapongeza. Dartmouth wakakubali.

Nimeshaona bendi ikizuia wachezaji, paa likichanika, umeme ukikatika mbele ya dunia nzima. Yote hayo naweza kuyaelewa. Timu ambayo haijafungwa mechi 18, yenye nafasi ya kuwa bora nchini, kuurudisha ushindi kwa hiari yake siku 2 baadaye, hilo bado linanishinda.

#14 Mdau wa Tanga

Kwa hiyo kwenye rekodi imeandikwaje mkuu? 7–3 yenye maelezo, au?

#15 Mleta uzi

Imeandikwa Dartmouth 3, Cornell 0. Na wiki iliyofuata Cornell walifungwa tena, na Penn.